Sheria na Familia: Talaka Hutolewa kwa Sababu Gani?

Barua nyingi zilizofika mezani mwezi huu zinahusu talaka, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: ni sababu zipi ambazo mahakama huzikubali? Nimechagua saba. Majibu yote yanahusu Tanzania Bara, ambako mashauri ya ndoa huongozwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, Sura ya 29 ya Sheria za Tanzania. Zanzibar ina utaratibu wake, na ndoa za Waislamu huko husikilizwa na Mahakama za Kadhi, kwa hiyo wasomaji wetu wa visiwani wasiyachukue majibu haya kama yalivyo. Mambo yanayoweza kuwatambulisha waandishi wa barua yameondolewa.

Swali: Nilifunga ndoa ya kanisani miaka tisa iliyopita na tuna watoto watatu. Mume wangu hunipiga, si kila siku, lakini akirudi amelewa najua usiku huo hautapita salama. Mwaka jana alinivunja kidole. Wazazi wameketi nasi, mchungaji naye amekuja, akaomba msamaha mbele yao, kisha yakarudi yale yale. Nikimwambia nitakwenda mahakamani ananicheka, anasema ndoa ya kanisani haivunjwi na hakimu na kwamba bila yeye kuridhia siachiki. Je, kipigo ni sababu ya kutosha kupewa talaka? *Mama wa watoto watatu, Morogoro*

Jibu: Pole sana, dada yangu. Nianze na maneno ya mume wako, kwa sababu naona ndiyo yaliyokuzuia muda wote huu. Hayana msingi. Kifungu cha 99 cha Sheria ya Ndoa kinampa mwanandoa yeyote, mume au mke, haki ya kuiomba mahakama amri ya kutengana au ya talaka kwa hoja kwamba ndoa yake imevunjika, na hakuna mahali popote panaposema kwamba mwenzake lazima aridhie. Sababu zake za kukataa atazieleza mbele ya hakimu, na hakimu atazipima pamoja na ushahidi mwingine. Kuhusu kanisa, ni kweli yapo madhehebu yasiyotambua talaka, na huenda mchungaji wako akakataa kukufungisha ndoa nyingine baadaye. Hilo utalimaliza na kanisa lako. Lakini ndoa ya kanisani, ya msikitini, ya kimila na ya bomani zote husimamiwa na sheria hii moja, na mahakama inayo mamlaka ya kuivunja yoyote kati ya hizo.

Sasa swali lenyewe. Watu wengi hudhani kwamba sheria imeorodhesha makosa, na kwamba ukilithibitisha moja basi talaka umeipata. Sivyo. Mbele ya mahakama sababu ya talaka ni moja tu, nayo ni kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutoweza kurekebishika. Kifungu cha 107 kinataja mambo ambayo mahakama inaweza kuyapokea kuwa ushahidi wa kuvunjika huko: ugoni, yaani kuzini nje ya ndoa, hasa ukiwa umerudiwa au unaendelea licha ya kukanywa, kumwingilia au kumlazimisha mwenzi kinyume cha maumbile, ukatili wa mwili au wa nafsi, uwe umefanyiwa wewe au watoto, kuacha kwa makusudi kumjali mwenzi, kumtelekeza na kuhama kwa muda usiopungua miaka mitatu, kutengana kwa hiari au kwa amri ya mahakama kwa muda huohuo, kifungo cha maisha au kisichopungua miaka mitano, ugonjwa wa akili ambao madaktari wasiopungua wawili, mmoja wao akiwa na ujuzi wa magonjwa hayo, wamethibitisha kwamba hawaoni tumaini la kupona, na kubadili dini, pale ambapo wanandoa walikuwa wa imani moja walipooana na imani hiyo inahesabu badiliko hilo kuwa linavunja ndoa. Sheria inatamka wazi kwamba kuthibitisha lolote kati ya haya hakumpi mtu talaka papo hapo, na inatamka pia kwamba hakimu ataangalia mwenendo na hali nzima ya wanandoa, pamoja na mila za jamii yao. Ndiyo maana mtu anaweza kuthibitisha kosa na bado akaambiwa ndoa yake ina uhai, na mwingine akapewa talaka kwa mambo ambayo hayamo kwenye orodha hiyo.

Kwa upande wako, kipigo kinachorudiwa, ulevi, mfupa uliovunjika na usuluhishi wa wazazi na mchungaji ulioshindikana ni mambo ambayo yakithibitishwa kwa pamoja yanaonyesha ndoa iliyofika mwisho. Kifungu cha 66 kinasema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya kumpiga, na kimesema hivyo tangu 1971, ingawa wapo wazee wa mabaraza wanaoongea kana kwamba hakijatungwa. Kinachobaki ni ushahidi, na hapa ndipo mashauri mengi yanapoanguka, kwa kuwa mke huja mahakamani na mdomo wake tu, mume naye na wake.

Akikupiga tena, nenda kituo cha polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, uandikishe taarifa, upewe namba ya RB, yaani ya kumbukumbu ya taarifa yako, na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, ujaziwe na daktari. Kumpiga mke ni jinai, na huna haja ya kusubiri shauri la talaka ndipo ulalamike. Kuhusu kidole cha mwaka jana, rudi hospitali uliyotibiwa uombe taarifa ya matibabu, kwa sababu kumbukumbu za mgonjwa hutunzwa. Ule ujumbe wa simu anaokuandikia asubuhi, "nisamehe mama, pombe ilinizidi," usiufute hata kama umemsamehe. Ni maungamo yake mwenyewe, yakiwa na tarehe. Jirani aliyesikia kelele, mama mkwe aliyekukanda maji ya moto, na mchungaji aliyeketi nanyi ni mashahidi, nawe waombe mapema, kwani wengi hujitoa dakika za mwisho kwa kuogopa lawama za ukoo. Na kama maisha yako yamo hatarini, ondoka. Mke aliyekimbia kipigo hahesabiwi kuwa ameitelekeza ndoa, kwa sababu utelekezaji unaozungumzwa na sheria ni ule wa makusudi.

Kabla ya kufungua shauri utalazimika kupitia baraza la usuluhishi, jambo ambalo barua inayofuata imelizungumzia vizuri kuliko ambavyo ningeweza kulitungia mfano.

Swali: Baraza la kata lilituita mara tatu. Mume wangu alikuja mara mbili, ya tatu hakutokea. Mwisho baraza likaandika barua kwamba "ndoa imevunjwa rasmi," mume abaki na nyumba, mimi nichukue vyombo, kitanda na shilingi laki tatu. Nilipoipeleka barua Mahakama ya Mwanzo karani aliisoma akanirudishia. Je, nimeachika au sijaachika? Na ni kweli kwamba mimi nisiye na mshahara sina changu katika nyumba? *Msomaji wa Dodoma*

Jibu: Hujaachika, dada yangu, na karani alikutendea wema kwa kukurudishia barua hiyo, maana ingepokelewa ungepoteza muda na nauli halafu shauri lifutwe mbele ya safari. Baraza halina uwezo wa kuvunja ndoa. Kazi yake ni kusuluhisha, na likishindwa, kutoa hati inayosema kwamba limewasikiliza wote wawili na limeshindwa kuwapatanisha. Kifungu cha 101 kinakataza kufungua shauri la talaka bila hatua hiyo, na Mahakama ya Rufani imekwisha kutamka kwamba shauri lililofunguliwa bila hati halali limefunguliwa kabla ya wakati wake, hata kama mahakama za chini zilikwisha kulisikiliza na kulitolea hukumu. Fikiria mtu amepata talaka, ameoa tena, kisha miaka kadhaa baadaye rufaa inafuta kila kitu kwa sababu ya karatasi moja ya baraza.

Kwa hiyo rudi barazani, uombe hati ya kushindwa kusuluhisha katika fomu iliyowekwa kwa ajili hiyo. Isome kabla ya kuondoka. Iwe na jina la baraza, majina yenu nyote wawili, maelezo ya kile baraza lilichobaini, kauli kwamba usuluhishi umeshindikana, tarehe, na saini ya mwenyekiti. Nimeshika mkononi hati iliyosainiwa na mtendaji wa kata peke yake, nyingine iliyoandikwa "mama huyu anakuja kwenu mumsaidie" bila neno hata moja kuhusu usuluhishi, na zote hazikufaa. Baraza kwa mujibu wa sheria ni mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Mwenyekiti wa mtaa akiwa peke yake ofisini kwake si baraza, hata akiwa na mhuri. Wanaotaka kupitia baraza la dini yao wanaruhusiwa pia, mradi baraza hilo liwe limeidhinishwa, kama ilivyo kwa mabaraza ya BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) na ya baadhi ya makanisa.

Kutokuja kwa mume mara ya tatu hakuzuii kitu, kwani amekwisha kusikilizwa mara mbili. Na hata angekataa kabisa kuitikia wito kwa makusudi, sheria isingekuacha ukining'inia. Ni moja ya hali ambazo mtu anaruhusiwa kwenda mahakamani bila hati ya baraza, ila itakubidi uonyeshe kwamba aliitwa na akakaidi, kwa hiyo omba nakala za wito. Ukishaipata hati usiilaze kabatini, maana sheria inataka iwe imetolewa ndani ya miezi sita kabla ya shauri kufunguliwa.

Mgawanyo wa mali uliofanywa na baraza ni mapendekezo tu. Anayegawa ni mahakama, baada ya kutoa amri ya talaka au ya kutengana, kwa kuongozwa na kifungu cha 114, ambacho huangalia mchango wa kila mmoja katika kuipata mali, uwe wa fedha, wa mali au wa kazi. Kuhusu mshahara, jambo hili lilikwisha kuamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983 katika rufaa ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu: kupika, kufua, kulea watoto na kuitunza nyumba ni mchango unaohesabika. Ni kweli kwamba mrufani mwenyewe, kwa mazingira ya shauri lake, hakuambulia kitu, lakini msingi aliouacha ndio unaotumika hadi leo. Hiyo haina maana kwamba utapewa nusu kwa nusu. Ina maana kwamba hakuna hakimu atakayekwambia huna chako kwa sababu tu hukuwa na mshahara. Andika tangu sasa kiwanja kilinunuliwa lini, nani alisimamia mafundi, nani alibeba maji ya kufyatulia matofali, na ni kipi ulikiuza au kukitoa kwenu. Suala la mali ni pana, na nitalipa safu yake peke yake.

Swali: Tumeoana miezi kumi na minne tu, bado hatujajaliwa mtoto. Nimekuta kwenye simu ya mke wangu ujumbe wa mapenzi na picha akiwa na mwanamume ninayemfahamu. Nimeonana na wazazi wake, anakiri lakini anasema ameacha. Mimi nataka talaka mara moja, tena yule bwana anilipe. Nianzie wapi? *Mume aliyeumizwa, Mwanza*

Jibu: Ndugu yangu, neno "mara moja" sheria haikupi. Kifungu cha 100 kinakataza kufungua shauri la talaka kabla ndoa haijatimiza miaka miwili, isipokuwa mahakama imekupa ruhusa kwanza, na ruhusa hiyo hutolewa kwa anayeonyesha kwamba anapata mateso yasiyo ya kawaida. Uchungu wako ni mkubwa, sibishi, lakini sidhani kama mke aliyekiri na kusema ameacha utaweza kumweka katika kundi hilo. Kinachokuruhusu kusogea bila kusubiri ni ombi la kutengana kwa amri ya mahakama, kwa kuwa katazo la miaka miwili linahusu talaka tu.

Angalia pia jinsi sheria ilivyouandika ugoni. Haikusema tendo moja halitoshi, ila imetilia mkazo tendo lililorudiwa na uhusiano unaoendelezwa licha ya kukatazwa. Mke wako akiwa kweli ameacha, naye akasimama barazani akaomba radhi, wajumbe watakuuliza kwa nini hutaki kujaribu, na hakimu naye atakuuliza hivyohivyo. Akiwa anaendelea, mambo yanabadilika. Ujumbe wa simu na picha hupokelewa mahakamani tangu kutungwa kwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, lakini utatakiwa kuonyesha zilipatikanaje, zilitunzwaje na kwamba hazikuguswa, kwa hiyo usizikate wala kuzipamba, wala usizisambaze kwenye makundi ya ukoo. Kukiri kwake mbele ya wazazi kuna uzito kuliko picha zote hizo, mradi wazazi wawe tayari kusema walichosikia.

Kuhusu yule bwana, kifungu cha 72 kinamruhusu mume au mke kumdai fidia mtu aliyefanya ugoni na mwenzi wake. Dai hilo hutupwa ikibainika kwamba mdai mwenyewe aliridhia ugoni huo, na mdaiwa halipi fidia akithibitisha kwamba hakujua, wala asingeweza kujua hata kwa kuuliza, kwamba huyo ni mke wa mtu. Ikiwa alikula pilau la harusi yenu, utetezi huo hana.

Swali: Tulioana kwa ndoa ya Kiislamu. Mwezi wa tatu mume wangu alinitumia ujumbe wa simu kwamba ameniacha talaka tatu, akahamia kwa mke mwingine. Sheikh wetu amesema nimeachika. Nimekwisha kukaa eda na kuna mtu ana nia ya kunioa. Je, nahitaji mahakama tena? *Msomaji wa kike, Tanga*

Jibu: Unaihitaji, bibie, na naomba posa hiyo isubiri. Kama maneno yale yamekutoa katika ndoa kwa mujibu wa dini, hilo ni la sheikh wako nami siliingilii. Lakini mbele ya sheria ya nchi ndoa iliyofungwa Tanzania Bara huvunjika kwa amri ya mahakama, na hadi amri hiyo itolewe ungali mke wa mtu, na mke wa mtu haruhusiwi kufunga ndoa nyingine.

Sheria haikuipuuza talaka ya Kiislamu, bali imeipangia mahali pake. Kifungu cha 107 kinasema kwamba ndoa ikiwa ilifungwa Kiislamu, baraza likathibitisha limeshindwa kuwapatanisha, na baada ya hati hiyo kutolewa mmoja wenu akafanya jambo ambalo kwa sharia ya Kiislamu linavunja ndoa, basi mahakama itatamka kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika na itatoa amri ya talaka. Zingatia mpangilio: baraza kwanza, kisha talaka, kisha mahakama. Mume wako alianza na talaka, akaliruka baraza, na ndiyo maana ujumbe wake pekee haukufikishi popote mahakamani. Mfikishe kwenye baraza la BAKWATA la eneo lenu, ujumbe ule ukiwa umehifadhiwa. Akirudia talaka baada ya hati kutoka, au mkiafikiana khului, yaani mke kujivua katika ndoa kwa kumrudishia mume mahari, njia ya kifungu hicho imefunguka. Na hata asipotamka tena lolote, hakuna kinachokuzuia kutumia njia ya kawaida, kwa kuonyesha kwamba amekuhama, ameacha kukutunza na ameweka makazi kwa mwingine.

Kuna faida nyingine ya mahakama ambayo wanawake wengi wa pwani huikosa kwa kutosheka na karatasi ya talaka. Amri ya mahakama ndiyo inayofungua mlango wa kugawana mali mliyochuma pamoja, kupangiwa matunzo ya watoto na kuamuliwa nani akae nao. Kwa mtoto aliye chini ya miaka saba sheria huanza na dhana kwamba ni heri abaki kwa mama, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi.

Swali: Mke wangu aliondoka miaka minne iliyopita akisema anakwenda kufanya biashara Tunduma, na tangu mwaka wa kwanza simu yake haipatikani. Kwao hawajui alipo. Baraza la kata linaniambia haliwezi kunisikiliza mpaka nimlete. Nimlete kutoka wapi? *Baba wa watoto wawili, Mbeya*

Jibu: Baraza limekosea, ndugu yangu. Mtu aliyetelekezwa na asiyejua mwenzi wake yuko wapi ameondolewa sharti la kupitia baraza, chini ya kifungu kilekile cha 101. Wamo pia katika msamaha huo wale ambao wenzi wao wanaishi nje ya nchi na hakuna dalili kwamba wataingia nchini ndani ya miezi sita. Nenda moja kwa moja mahakamani, na katika maombi yako ueleze wazi kwamba unategemea msamaha huo na kwa nini.

Muda wa miaka mitatu umeuvuka, lakini utatakiwa kuonyesha kwamba aliondoka kwa hiari na kwamba ulimtafuta. Barua kutoka serikali ya mtaa, taarifa ya kupotelewa uliyoandikisha polisi na maelezo ya mmoja wa wazazi wake yatasaidia sana, na huyu wa mwisho ndiye muhimu, kwa kuwa mahakama huogopa mume anayedai mkewe amepotea kumbe anajua chumba alichopanga. Kwa kuwa wito hauwezi kumfikia mkononi, omba mahakama iruhusu utolewe kwa tangazo gazetini. Siku ya kusikilizwa ikifika naye hajatokea, shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja. Tunza kipande cha gazeti na risiti ya tangazo.

Swali: Nimekuwa na nyumba ndogo kwa miaka sita na nina watoto naye. Mke wangu wa ndoa anajua, amenyamaza, hataki kuondoka. Ndoa yetu ni ya Kikristo. Naweza kudai talaka kwa kuwa sina mapenzi naye tena? *Msomaji, Dar es Salaam*

Jibu: Kudai unaweza, kupata ni jambo jingine. Sheria inaielekeza mahakama kukataa ombi la talaka linalotegemea makosa ya mwombaji mwenyewe peke yake, isipokuwa kuwe na sababu maalumu. Ulichoniandikia chote ni makosa yako. La mke wako sijaona hata moja, labda uvumilivu. Kama mmekaa mbalimbali kwa kukubaliana kwa miaka mitatu au zaidi, hiyo ni hoja, lakini barua yako haisemi hivyo. Mke wako ndiye mwenye shauri zuri, akiamua kulifungua.

Kwa wakazi wenzako wa jiji, mashauri ya ndoa na mirathi yamewekewa Kituo Jumuishi cha Temeke, ambako ngazi mbalimbali za mahakama zinakaa katika jengo moja, na wapo pia wanaotoa msaada wa kisheria. Mwambie mkeo.

Swali: Mume wangu amefungwa miaka thelathini kwa kosa la kubaka mtoto wa jirani. Ametumikia mwaka mmoja. Ndugu zake wanasema nikiomba talaka nitakuwa nimemsaliti akiwa matatizoni na kwamba sheria inanitaka nisubiri atoke. Je, ni kweli? Na gharama za wakili sina. *Msomaji wa kike, Kigoma*

Jibu: Si kweli, dada yangu. Kifungo kisichopungua miaka mitano ni moja ya mambo yaliyotajwa katika kifungu cha 107, na sheria imeongeza kwamba hakimu apime mambo mawili kwa pamoja: urefu wa adhabu na aina ya kosa lenyewe. Mtu aliyefungwa kwa kugonga watu akiendesha basi na mtu aliyefungwa kwa kumbaka mtoto wa jirani hawatatazamwa sawa hata kama miaka yao inalingana, kwa sababu swali linabaki lilelile, kama ndoa hii bado inaweza kurekebishika. Wewe una watoto nyumbani na jirani uliyempa pole kwa jambo lililotendwa na mumeo. Sioni hakimu atakayekwambia urudi ukasubiri.

Baraza pia umesamehewa kwa sababu ya kifungo hicho. Chukua nakala ya hukumu kutoka mahakama iliyomhukumu, kwa kuwa ndiyo ushahidi wako mkuu, pamoja na cheti cha ndoa. Wito utapelekwa kwa mkuu wa gereza alimofungwa ili amkabidhi, naye ana haki ya kujibu na kuletwa kusikilizwa, kwa hiyo usishangae ukimwona kizimbani akiwa na askari. Wakili si lazima, na mashauri mengi ya talaka katika Mahakama za Mwanzo huendeshwa na wanandoa wenyewe. Ukihitaji mtu wa kukuandikia maombi na kukuelekeza, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria wanaofanya kazi hiyo bila malipo; uliza ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yenu ikuonyeshe walio karibu nawe. Amri ikishatolewa, hakikisha imesajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, na umepata hati yako ya talaka, kwa maana utakapotaka kuolewa tena, msajili ataiomba hiyo kwanza.